Kiungo cha Bandia: Je, Dawa za Upasuaji Zaweza Kukidhuru?

Siku hizi si ajabu kusikia kwamba mama mkwe wa jirani, au mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili, "amewekewa chuma" kwenye nyonga au kwenye goti. Zamani mtu wa namna hiyo angebaki mkekani barazani, akiinuliwa na kuketishwa na wajukuu. Sasa, katika hospitali kubwa kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, na nyingine kadhaa za Afrika Mashariki, kiungo kilichokwisha huondolewa na kiungo cha bandia huwekwa mahali pake.

Upasuaji huo ni wa gharama kubwa. Mara nyingi ukoo mzima huchangishana. Na katika nyumba nyingi sisi akina mama ndio tunaompeleka mgonjwa kliniki, tunaokaa naye wodini, na tunaompikia uji na kumshika mkono kwenda msalani anaporudi nyumbani. Kwa hiyo sisi ndio tunaoulizwa maswali na jamaa, na sisi ndio tunaobaki na maswali ya kwetu. Mojawapo ni hili: wakati wa upasuaji mgonjwa hupewa dawa nyingi. Kuna za usingizi au ganzi, za kupunguza damu, za kuua bakteria, na za kuoshea kidonda. Je, dawa hizo zaweza kukiharibu kiungo kipya kilichogharimu fedha nyingi hivyo?

Swali hilo si la kipuuzi. Wapasuaji na wahandisi wamelichunguza kwa zaidi ya miaka 50. Jibu lao, kwa ufupi, ni kwamba dawa ile ile yaweza kukilinda kiungo cha bandia au kukidhoofisha. Yategemea kiasi chake, jinsi ilivyochanganywa, na mahali ilipowekwa. Hebu tutazame jambo hili hatua kwa hatua, kwa maana yapo mambo ambayo mama anaweza kuyafanya.

KIMETENGENEZWA KWA NINI?

Nyonga ya kawaida ni kichwa cha mviringo cha mfupa wa paja kinachozunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Kati yao kuna gegedu laini linaloteleza. Gegedu likilika kwa uzee, au kichwa cha mfupa kikifa kwa kukosa damu, kila hatua huwa mateso. Huku kwetu si wazee tu wanaopatwa na jambo hilo. Ugonjwa wa selimundu waweza kukiua kichwa cha mfupa wa paja kwa kijana wa miaka 20 au 30. Matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi pia yaweza kufanya hivyo.

Katika nyonga ya bandia, kichwa huwa cha chuma au cha kauri ngumu, na kikombe mara nyingi huwa cha plastiki. Vyuma vinavyotumika ni chuma kisichoshika kutu, mchanganyiko wa kobalti na kromiamu, na titani. Plastiki yenyewe ni polithini, lakini ni imara mno kuliko ile ya mifuko.

Watu walijifunza kwa uchungu kwamba si kila kitu kinachoonekana imara kitafaa mwilini. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mpasuaji John Charnley wa hospitali ya Wrightington huko Uingereza alitengeneza vikombe vya nyonga kwa Teflon, plastiki inayoteleza ambayo wengi wetu tunaijua kwenye vikaango visivyoshika chakula. Wagonjwa walifurahi, kwa kuwa maumivu yaliisha. Lakini baada ya miaka michache vikombe vilikuwa vimelika, na vumbi la plastiki hiyo liliuchokoza mwili hata mifupa ikaharibika na viungo vikalegea. Charnley alilazimika kuwafungua wagonjwa wengi tena. Alifikia hatua ya kujidunga mwenyewe chembe za plastiki pajani ili aone mwili utafanya nini. Mwezi wa Novemba 1962 alianza kutumia polithini, na mpaka leo polithini iliyoboreshwa ndiyo itumikayo zaidi.

Hapo twapata kanuni ya kwanza: kitu kinachowekwa mwilini hupimwa kwa miaka, wala si kwa majuma. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la kitabibu The Lancet, ukitumia kumbukumbu za wagonjwa wa Australia na Ufini, ulikadiria kwamba kati ya nyonga za bandia 100, karibu 58 hudumu miaka 25. Kwa magoti ya bandia ni karibu 82. Basi kama dawa fulani inapunguza uimara hata kidogo, huenda hasara yake isionekane mpaka miaka mingi ipite.

SARUJI YA MIFUPA

Si kila kiungo cha bandia hushikizwa kwa njia moja. Vingine vina ngozi ya nje yenye vitundu, ili mfupa wa mgonjwa uote na kukishika. Vingine hushikizwa kwa kile ambacho madaktari hukiita saruji ya mifupa. Ni hapa hasa ambapo dawa na kiungo hukutana.

Saruji hii haina uhusiano na ile ya kujengea nyumba. Ni plastiki ya akriliki, ndugu wa ile inayotengenezewa meno ya bandia. Huja hospitalini katika sehemu mbili: pakiti ya unga, kwa kawaida gramu 40 hivi, na chupa ndogo ya kimiminika chenye harufu kali. Vikichanganywa huwa kama uji, kisha kama donge la unga uliokandwa, kisha huwa vigumu kama jiwe. Hayo yote huchukua kama dakika 10 hadi 15, na donge hilo hutoa joto linapokuwa linakauka.

Tena saruji hii si gundi. Kazi yake ni kujaza nafasi na kuingia katika vitundu vya mfupa, kama plasta inavyoushika ukuta wenye mikwaruzo.

Kila aliyewahi kukanda unga wa maandazi ajua kwamba maji yakizidi kidogo, donge halishiki tena. Mchanganyiko wa saruji ya mifupa nao hauvumilii mchezo. Chochote kinachoongezwa ndani yake, hata kiwe dawa nzuri namna gani, hubadili uimara wake.

KWA NINI BASI DAWA HUTIWA NDANI YAKE?

Kwa sababu adui mkubwa wa kiungo cha bandia ni bakteria. Juu ya chuma na plastiki hakuna mishipa ya damu, kwa hiyo askari wa mwili hawafiki kwa urahisi. Bakteria wachache wakitua hapo hujijengea utando, mfano wa ule ute unaoshika ndani ya mtungi wa maji usiosuguliwa. Wakiisha kujificha chini ya utando huo, vidonge na sindano mara nyingi haviwawezi. Mara nyingi hapana budi kufungua tena na kusafisha, au hata kukitoa kiungo chote.

Huko Hamburg, Ujerumani, mpasuaji Hans-Wilhelm Buchholz alifikiri hivi: kama bakteria hujificha pale, kwa nini dawa isiwekwe pale pale? Alichanganya dawa ya jentamisini katika unga wa saruji, na mwaka 1970 yeye na mwenzake wakachapisha matokeo. Akina mama wengi wanaijua jentamisini, kwa kuwa ndiyo sindano ambayo watoto wachanga hudungwa wanapopata maambukizo makali.

Haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Dawa ya kutiwa katika saruji lazima istahimili joto la saruji inapokauka. Iweze kuyeyuka majini ili itoke nje. Iwe ya unga. Na iue bakteria wa aina nyingi. Jentamisini ina sifa hizo, nazo tobramisini na vankomisini vilevile. Dawa nyingi za jamii ya penisilini hazifai, kwa kuwa huharibiwa na joto na watu wengi wana mzio nazo.

DOZI IKIZIDI

Sasa twafika kwenye kiini cha jambo. Dawa iliyo katika saruji hutoka nje kwa kuyeyuka, na nyingi ya ile itokayo hutoka katika siku za kwanza. Kila punje inayoyeyuka huacha kitundu. Vitundu vichache havidhuru. Vikiwa vingi, saruji huwa kama mkate uliochachuka kupita kiasi: mzuri kwa macho, lakini hubomoka ukiushika.

Kwa sababu hiyo, wataalamu huweka mpaka. Kwa kiungo kitakachobeba uzito wa mtu kwa miaka mingi, hutumia takriban gramu 1 au 2 za dawa ya unga katika pakiti ya gramu 40. Kiasi hicho huipunguzia saruji nguvu kidogo tu. Viwanda vingi huuza saruji iliyokwisha kuchanganywa na dawa kwa kipimo sahihi, ili isiwe kazi ya kukisia mezani.

Namna ya kuchanganya nayo ni muhimu. Jentamisini ya maji, ile ya sindano, ikimiminwa katika saruji huidhoofisha vibaya kuliko ile ya unga, hata kama dawa ni ile ile. Sababu ni ile ya maandazi: maji huingia mahali pasipo pake, na donge halishikani ipasavyo.

Je, kuna wakati dozi kubwa hutumiwa kwa kukusudia? Ndiyo. Kiungo kikiisha kuingiliwa na bakteria, mara nyingi mpasuaji hukitoa na kuweka kwa muda kipande cha saruji kilichojaa dawa. Humo waweza kutiwa gramu 4 au zaidi katika kila pakiti. Kipande hicho hakikuwekwa kudumu. Kazi yake ni kumwaga dawa na kutunza nafasi kwa majuma au miezi mpaka maambukizo yaishe, ndipo kiungo kipya kiwekwe.

Hapa twawasihi akina mama wawe waangalifu sana. Mgonjwa mwenye kipande hicho huenda akajisikia nafuu, akatupa magongo na kutaka kwenda shambani au sokoni. Kama daktari amesema asiukanyagie mguu huo kwa uzito wote, asiukanyagie. Saruji ile imedhoofishwa kwa makusudi, yaweza kuvunjika. Tena dozi kubwa yaweza kuingia damuni na kuzielemea figo, kwa hiyo vipimo vya damu vinavyoagizwa visikwepwe hata kama hospitali iko mbali.

DAWA NYINGINE ZA CHUMBA CHA UPASUAJI

Dawa za usingizi na ganzi. Wengi huogopa "nusu kaputi" na sindano ya uti wa mgongo. Zina mambo yake ya kuangaliwa, lakini si kwa upande wa kiungo. Sindano ya mgongoni haikigusi, nayo dawa ya usingizi hutawanyika katika damu na kutoka mwilini.

Dawa ya kuua bakteria kabla ya kisu. Kwa kawaida hii hutolewa kwa mshipa ndani ya saa moja kabla ya kukata, ili ifike kwenye nyama kabla bakteria hawajapata nafasi. Hupitia damuni na ni mlinzi wa kiungo.

Asidi ya traneksamiki. Ndiyo dawa ambayo Shirika la Afya Ulimwenguni lilipendekeza mwaka 2017 wapewe upesi akina mama wanaotokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Katika upasuaji wa nyonga na goti nayo hupunguza damu inayopotea, na hivyo wengi hawahitaji tena kuongezewa damu.

Vankomisini ya unga. Wapasuaji wengine huinyunyiza katika kidonda kabla ya kushona. Wengi waliuliza: je, punje hizo hazitaingia kati ya kichwa na kikombe na kusaga plastiki, kama mchanga unavyosaga meno ukiwa katika wali? Zilijaribiwa maabara kwa mashine inayoiga mwendo wa mtu, na hazikuonekana kuongeza ulikaji. Sababu ni kwamba huyeyuka. Hatari kubwa zaidi ya mkwaruzo hutoka kwa vipande vya saruji iliyokwisha kukauka au vya mfupa, ambavyo haviyeyuki. Ndiyo maana mpasuaji mwangalifu huosha kwa maji mengi ya chumvi kabla ya kufunga.

Dawa za kuoshea. Ayodini iliyozimuliwa sana hutumiwa kwa dakika chache, kisha husafishwa kwa maji ya chumvi. Haidrojeni peroksaidi, ile inayotoa povu kwenye kidonda, ni habari nyingine. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba huharakisha kuliwa kwa titani. Zaidi ya hayo, hutoa hewa ambayo yaweza kuingia katika mshipa wa damu na kuhatarisha maisha. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilikumbusha kwamba haifai katika majeraha yenye kina wala katika mianya iliyofungwa ya mwili. Nyumbani, tusijaribu kamwe kuimimina katika kidonda cha mgonjwa wa namna hii.

DAWA TUNAZOZITOA SISI WENYEWE

Twaweza kuwa na wasiwasi mwingi juu ya dawa za hospitali na kusahau zile zilizo katika kabati letu. Lakini hizo nazo zina sehemu yake.

Kabla ya upasuaji, wagonjwa wengi wamekwisha kuzunguka zahanati wakidungwa sindano za steroidi gotini ili kupunguza maumivu. Sindano hiyo ikidungwa katika miezi 3 kabla ya kuwekewa kiungo cha bandia, hatari ya maambukizo huongezeka. Mama anayempeleka mgonjwa asione haya kumwambia daktari: "Alidungwa sindano ya goti tarehe fulani." Huenda upasuaji ukaahirishwa, na kuahirisha huko ni faida.

Baada ya upasuaji, ndugu mwenye huruma aweza kununua diklofenaki au vidonge vingine vya maumivu kwenye duka la dawa. Kama kiungo ni kile kisichotumia saruji, kinategemea mfupa uote na kukishika. Na majaribio ya wanyama yameonyesha kwamba dawa za jamii hiyo zaweza kuuchelewesha mfupa kuota. Tena zikichanganywa na zile za kuzuia damu kuganda, zaweza kuleta kutokwa damu tumboni. Daktari aweza kuzitumia kwa hesabu yake. Sisi tusiziongeze kwa hesabu yetu.

Kosa kubwa kuliko yote ni hili: kidonda kinatoa maji au usaha, na badala ya kurudi hospitali, tunanunua antibiotiki dukani. Kwa siku chache huonekana pamekauka. Kumbe bakteria wako chini ya utando wao, na sasa daktari akichukua kipimo huenda asiwaone, kwa maana dawa imewaficha. Muda unapotea, na kiungo ambacho kingeweza kuokolewa kwa kusafishwa mapema kinalazimika kutolewa. Michango ya ukoo mzima imekwenda hivyo hivyo, na mgonjwa anarudi mkekani.

MAMBO YA KUULIZA NA KUSEMA

Si utovu wa adabu kumwuliza daktari. Siku ya kliniki yafaa kwenda na karatasi yenye mambo haya:

1. Kiungo chake kitashikizwa kwa saruji au bila saruji? Kama ni saruji, ina dawa gani?

2. Mwambie daktari mzio wowote, na ugonjwa wowote wa figo. Kidonge kikimdhuru mtu huachwa, lakini dawa iliyo ndani ya saruji haiwezi kuachwa kesho yake.

3. Taja dawa zote anazotumia: za kisukari, za shinikizo la damu, za baridi yabisi, steroidi, aspirini, na za miti shamba pia. Usimfichie daktari mizizi kwa kuona aibu.

4. Uliza ni lini mguu waweza kukanyagiwa kwa uzito wote, na ni dawa gani ya maumivu iliyoruhusiwa.

5. Omba karatasi yenye aina ya kiungo, tarehe na saruji iliyotumika. Itunze pamoja na vyeti vya nyumba. Kama miaka 15 ijayo kiungo kitahitaji kubadilishwa, mpasuaji atakayekifungua atashukuru.

Na zipo dalili ambazo hazingoji Jumatatu: homa, kidonda kutoa maji baada ya siku za kwanza, wekundu unaoenea, au maumivu mapya ya kinena au paja kwa mtu aliyekuwa akitembea vizuri. Jino lililooza, jipu au kidonda cha mguu navyo vitibiwe mapema, hata miaka mingi baadaye, kwa kuwa bakteria waweza kusafiri katika damu na kutua kwenye kiungo.

Basi, tukiulizwa kama dawa za upasuaji hukidhuru kiungo cha bandia, twaweza kujibu kwa utulivu. Zikipimwa na kuchanganywa vema, hukilinda. Zikizidi au zikikosewa, hukidhoofisha. Kupima na kuchanganya chumbani mle ni kazi ya mpasuaji. Kusema ukweli wote kabla mgonjwa hajaingia, na kutompa dawa kiholela akiisha kutoka, ni kazi yetu. Nyanya aliyewekewa nyonga mpya na akatunzwa hivyo aweza kutembea mwenyewe mpaka sokoni, na wajukuu waliokuwa wakimwinua wakaenda zao shuleni.